Vijana na Michezo ya Kale ya Televisheni

Ada ya ujana ni kupenda kipya. Nguo ikitoka leo kijana huitaka leo, na wimbo uliopendwa mwaka jana huuona umekwisha chacha. Kwa hivi watu wengi hushangaa wakisikia kwamba wako vijana, tena si haba, ambao kazi ya mchana ikiisha huketi kutazama michezo ya televisheni iliyotengenezwa kabla mama zao hawajazaliwa: picha zisizo na rangi, baba aingiaye mlangoni na kofia mkononi, mama apikaye jikoni na kidani cha lulu shingoni. Mimi ni mmoja wa vijana hao. Nilizaliwa miaka 30 baada ya mchezo niupendao kuliko yote kufikia mwisho wake, na mji unaosimuliwa ndani yake haumo katika ramani yoyote ya dunia.

Michezo yenyewe aghalabu ni ya Marekani. Msomaji huenda amekwisha sikia I Love Lucy, ulioanza mwaka 1951, au Leave It to Beaver, ulioonyeshwa tangu 1957 hadi 1963. Uko pia The Waltons, ulioanza mwaka 1972, nao hata ulipokuwa mpya ulisimulia mambo ya kale, maana jamaa ile ya milima ya Virginia iliishi katika miaka ya dhiki ya 1930. Usiku taa zikizimwa husikika sauti za wakubwa kwa wadogo zikitakiana usiku mwema kutoka chumba hata chumba. Waliotazama mchezo huo ulipokuwa mpya walikuwa nao wakitamani nyumba za wazazi wao, kama sisi tunavyotamani nyumba zao wao.

Si jambo dogo kwamba michezo hiyo ipo hata sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 michezo mingi ya huko ilichezwa New York na kurushwa papo hapo, na stesheni za mbali zikapelekewa filamu iliyopigwa kutoka katika kioo cha televisheni, picha yake hafifu kama kitu kilichoonwa katika moshi. Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, Mkyuba aliyejifunza ucheshi katika lugha ya kigeni, walitaka kukaa California. Wakakubali kupunguziwa mshahara ili mchezo wao upigwe kwa filamu safi, na filamu hizo ziwe mali yao. Mpiga picha wao, Karl Freund, alitumia kamera tatu kwa wakati mmoja mbele ya watazamaji waliokaa vitini. Pale ndipo marudio ya televisheni yalipopata nguvu, kwani kilichohifadhiwa vizuri chaweza kuonyeshwa tena. Uingereza mambo yalikwenda njia nyingine: BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili itumie kanda hizo hizo kwa kazi mpya, na leo watu wanatafuta visa vya Doctor Who vilivyopotea kama watafutao hati za wafalme.

Nalitaja hili kwa sababu linatugusa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Wazazi wangu walilelewa na redio. Wakitaja Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania hucheka wao kwa wao, na sisi watoto huwa kama watu waliofika karamuni wakakuta sufuria zimekwisha oshwa. Nilipokwenda kusoma katika jimbo la North Carolina sikuwa na mchezo wa kale wa kwetu wa kulinganisha na yale niliyoonyeshwa. Nilipenda vya wenzangu kwa kuwa vilikuwapo.

Mchezo ulionikamata huitwa The Andy Griffith Show. Ulianza tarehe 3 Oktoba 1960 ukafikisha visa 249. Unasimulia habari za Andy Taylor, sherifu wa mji mdogo uitwao Mayberry, mfiwa na mkewe, amleaye mwanawe Opie kwa msaada wa shangazi yake, Bee. Andy hachukui bunduki. Naibu wake, Barney Fife, ana bastola lakini ameruhusiwa risasi moja tu, nayo sharti aiweke katika mfuko wa shati. Don Knotts alicheza sehemu hiyo ya Barney kwa mikono itetemekayo na kiburi cha mtu mwembamba, akapata tuzo tano za Emmy. Mchezo hufunguliwa kwa mluzi, baba na mwana wakitembea kando ya maji na fito za kuvulia begani. Mji wasemekana kuwa mfano wa Mount Airy, North Carolina, alikozaliwa Andy Griffith mwaka 1926. Walakini maji yale ni bwawa la Franklin Canyon huko Los Angeles.

Kiko kisa kimoja cha mwaka 1963 ambacho nimekitazama mara nyingi. Opie amepewa manati, na kwa mchezo anampiga ndege akafa. Ndege huyo ana makinda matatu mtini. Baba anapojua hapigi wala hafoki. Anafungua dirisha la chumba cha mtoto na kumwambia asikilize makinda yanavyomwita mama yao asiyekuja, kisha anatoka. Adhabu imekwisha. Asubuhi mtoto anaanza kuyalisha makinda kwa mkono wake mwenyewe, hata siku inafika ya kuyaachia yaruke, naye anaona uchungu kuliko aliouona usiku ule wa kwanza. Ron Howard, aliyecheza sehemu ya Opie, alikuwa na umri wa miaka tisa, na uso wake katika kisa hicho wafaa kutazamwa na kila ajifunzaye kuigiza.

Husemwa kwamba vijana wapendao michezo hii wanaikimbia dunia, kwamba wanaililia zamani wasiyoijua. Mimi siikubali hoja hiyo kwa ukamilifu wake. Sikupata kutamani kuishi mwaka 1963, wala sioni uzuri wa pekee katika friji ya mviringo. Nilichokipenda ni kwamba mtu mzima, mwenye cheo na funguo za gereza kiunoni, alikuwa na nafasi ya kukaa kitandani pa mtoto akanyamaza. Kunyamaza huko hakuna tena katika michezo ya siku hizi. Kila mtu ana jibu kabla swali halijakwisha. Katika Mayberry kosa lina muda wa kukaa katika chumba, likatazamwa na wote, likatengenezwa. Sisi tulioingia ukubwani kati ya simu zilizoshika macho ya wazazi wetu tunaijua thamani ya kitu hicho, maana tulikikosa.

Lakini pana jambo jingine, nalo ni gumu. Tarehe 1 Februari 1960, katika jimbo lile lile la North Carolina, vijana wanne Waafrika wa Marekani, wanafunzi wa chuo cha A&T, waliketi katika viti vya mkahawa wa duka la Woolworth mjini Greensboro wakaomba kahawa. Walikataliwa kwa sababu ya rangi yao, nao hawakuondoka. Kutoka Greensboro hadi Mount Airy si safari ya kuamkia alfajiri. Mtu akitoka baada ya chai hufika kabla ya chakula cha mchana. Miezi minane baadaye Mayberry ikafunguliwa, na katika mitaa yake hapakuwa na habari yoyote ya kahawa ile. Kisa cha mwisho kilionyeshwa tarehe 1 Aprili 1968. Siku tatu baadaye Martin Luther King akauawa Memphis. Katika visa 249 mtu mweusi aliyepewa sehemu kubwa ya kusema alikuja mara moja, mwaka 1967: Rockne Tarkington, katika sura ya mchezaji mashuhuri wa mpira arudiye mjini kwao na kumfundisha Opie. Hakurudi tena.

Nimeviona viti vya Greensboro. Duka limekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka 2010, na viti vimebaki mahali pake. Nilisimama mbele yake nikiwa na mluzi ule kichwani, nami sikuweza kuutoa.

Aliyenionyesha mchezo huu kwanza alikuwa mwanafunzi mwenzangu, binti mweusi, mzaliwa wa jimbo hilo, ambaye aliujua kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Aliishi na bibi yake. Jioni moja tulikuwa sebuleni kwao tukitazama, bibi akapita na kikombe chake, akasimama kidogo.

“Mjukuu wangu,” akasema, “bado unamtazama sherifu huyo? Mimi sherifu wa kwetu nilimjua, wala hakuwa mtu wa mluzi.”

Binti hakujibu. Alipunguza sauti mpaka bibi akamaliza kupita, kisha akaipandisha tena. Mimi nilikuwa mgeni, nikatazama sakafu.

Nilimwuliza baadaye anawezaje kuupenda mji ambao haungempa bibi yake kiti cha kunyolea wala cha kulia. Alisema hakuiomba ruhusa ya Mayberry kuipenda, na ya kwamba kama adabu ile ya Andy ilikuwa nzuri basi ilikuwa nzuri na kwake; waliomnyima bibi ndio walioikosa. Nimeifikiri kauli hiyo muda mrefu. Wako wasemao mchezo huu ni ucheshi tu na ucheshi hauulizwi maswali. Wako wasemao utupwe. Hao wa kwanza wamesahau kwamba kuwaondoa watu katika mji mzima wa kusini ni kazi iliyohitaji mkono wa mtu. Na hao wa pili sidhani wamepata kumtazama mtoto yule akifungua tundu la makinda. Mimi namwona binti huyu kuwa amesema kweli kuliko wote, ila sharti alilojiwekea ni zito, na sina hakika kwamba ningelikuwa mjukuu wa bibi yule ningeliweza kulibeba.

Tuliendelea kutazama muda wote niliokaa huko. Yeye ndiye aliyenifundisha kutotazama uso wa Barney peke yake. Katika visa vyenye umati mtaani, nyuma kabisa, mara chache hupita mtu mweusi: mwanamume mwenye kofia, mwanamke mwenye mkoba, bila neno, kwa nukta mbili au tatu. Waigizaji wa kupita tu, ambao majina yao hayamo mwishoni mwa picha. Tulipomwona mmoja binti aliisimamisha picha. Barney huganda kinywa wazi, na mtu yule husimama mguu mmoja mbele, akivuka barabara ya Mayberry katika saa ya mchana, amevaa vizuri, ana mahali aendako. Binti alipenda kukisia: anakwenda benki, ana deni kwa kinyozi, amechelewa chakula kwa dada yake. Kisha huiachia picha, na mtu yule humaliza kuvuka.