Asili Gani ya 2016?

Nina kesi na neno "asili". Si neno baya. Ngoma ya asili, dawa ya asili, kikundi cha asili. Mshereheshaji akilitamka tu watu wanapiga makofi. Shida ni kwamba wimbo ukishaitwa wa asili, hakuna anayeuliza umetungwa na nani. Unakuwa kama mwembe wa kando ya barabara: ulikuwepo tu, kila apitaye na achume.

Mama yangu mdogo ni mtunzi. Mwenyewe hajiiti hivyo, na kijijini kwake, ng'ambo ya mto Kilombero ukitokea Ifakara, upande wa Lupiro, wanasema tu "ndiye anayetoa nyimbo". Kwenye sangula yeye huanzisha, wenzake wakaitikia. Msibani hivyohivyo. Mgeni wa serikali akija, wa kwanza kutafutwa ni yeye, na malipo ni soda, mara mojamoja kanga. Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero kilipozama na daraja halijakamilika, alitunga wimbo. Mama amesimama ukingoni na gunia la mchele, anahesabu wanaoshuka, hesabu haitimii. Sitauandika hapa, ni wake.

Miaka michache baadaye akaja kijana na simu, akaurekodi, akautia kinanda na midundo ya kompyuta, akauweka YouTube. Chini yake ameandika: wimbo wa asili wa Bonde la Kilombero. Asili gani ya 2016?

Nayasema haya kwanza kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa mama mdogo alikuwa anatazama nini Zanzibar. Mimi nilikuwa naenda kikazi, kufuatilia tamasha la Sauti za Busara, tarehe 14 hadi 16 Februari 2025. Akasema naye anataka kuona. Februari kwetu ni palizi ya mpunga, na kuacha jaruba kwa karibu wiki nzima si mchezo. Alimlipa jirani ampalilie, akafunga begi. Tukapanda basi, tukapita miwa ya Kidatu, tukapita Mikumi ambako alihesabu twiga kwa sauti mpaka abiria wengine wakajiunga, Morogoro tukapanda SGR, Dar tukapanda boti. Katikati ya bahari alifumba macho akasema, "Huu mto wenu umezidi."

Ngome Kongwe waliijenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoshwa. Jirani yake ni Beit al Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Tamasha lilianza 2004, na lina msimamo mmoja ninaoupenda kuliko mabango yake yote: muziki upigwe papo hapo. Hakuna kuchezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa. Nilipomweleza hilo, mama mdogo aliona ni jambo la ajabu kwamba linahitaji kuwekwa kwenye kanuni. "Kwani kuna namna nyingine ya kuimba?" Ikabidi nimweleze habari za bongo fleva na playback, akanitazama kama mtu anayesikia kwamba mjini wanauza maji ya mvua.

Si tamasha la wanawake peke yao. Wanaume walikuwepo, na wengine walipiga vizuri sana. Lakini sisi tulifuata wanawake, na zaidi ya wote The Zawose Queens, yaani Pendo Zawose na Leah Zawose.

Wasomaji wengi mnamjua Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitembeza ilimba na zeze duniani, akaweka makazi Bagamoyo, akafariki Desemba 2003, wiki chache tu kabla ya Busara ya kwanza. Pendo ni binti yake, Leah ni mjukuu. Katika muziki wa Kigogo wanawake wana ngoma yao, muheme, inayobanwa katikati ya mapaja, na ni ngoma ya wanawake kwelikweli. Lakini zeze na ilimba vilikaa mikononi mwa wanaume, na hata katika familia ile kubwa ya wanamuziki kazi ya wanawake kwa muda mrefu ilikuwa kuitikia na kucheza nyuma. Sasa walikuwa mbele. Nyuma yao hapakuwa na baba wala kaka wa kuwatambulisha.

Muheme ulipoanza, mama mdogo aliacha kuongea, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Kidatu. Kigogo hakijui. Ila aliitikia. Nasema aliitikia, si kwamba aliimba pamoja nao: alisubiri mahali ambapo sauti ya mbele inaacha nafasi, akaijaza, bila maneno, kwa "eee" ndefu ya chini ambayo naijua tangu utotoni. Watu wa mbele yetu waligeuka. Wengi walikuwa wameinua simu, na mtu akishika simu hawezi kuitikia, anaogopa sauti yake itaingia kwenye video. Kwa muda fulani upande wetu wa ua ule ulikuwa na mwitikiaji mmoja tu, mwanamke wa Bonde mwenye kanga ya shughuli.

Walipomaliza akaniuliza, "Hivi nani kawatungia?"

"Wamejitungia wenyewe, mama."

"Imeandikwa wapi?"

Nikafungua simu nikamwonyesha. Albamu inaitwa *Maisha*, imetoka 2024 kupitia Real World, lebo aliyoianzisha Peter Gabriel huko Uingereza, ileile iliyomtoa Hukwe. Alikitazama kioo muda mrefu, na kusoma anajua vizuri tu. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayepiga hesabu za mbolea: "Kumbe hata cha asili kina jina."

Hapo ndipo mimi nilipokwama, na bado nimekwama. Kwa nini jina la mwanamke wa Bagamoyo lipitie Uingereza ndipo tulisome Zanzibar? Najua majibu ya kawaida: soko, studio, fedha. Ni ya kweli. Lakini kuandika jina la mtu chini ya wimbo wake hakuhitaji studio.

Usiku mwingine tulimwona Thandiswa Mazwai wa Afrika Kusini, yule aliyekuwa Bongo Maffin enzi za kwaito. Mama mdogo alimsifia mwili ulivyosimama. "Huyu haombi ruhusa," alisema, basi. Mimi ningeweza kuandika kurasa tatu juu ya sauti ile, lakini sentensi yake inatosha.

Mchana, kabla ya muziki, tulizunguka vichochoro tukaishia Forodhani kwenye urojo, ambao aliukataa baada ya kijiko cha pili. Pale nikamsimulia Siti binti Saad: mzaliwa wa Fumba, muuza vyungu, ambaye watu walianza kuisikia sauti yake alipokuwa akitangaza biashara barabarani, na ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Nikamtajia Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, na Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake watupu kilichoanzishwa 2009 na mwandishi wa habari, Maryam Hamdani. Alisikiliza yote. Swali lake likawa moja: huyo Shaaban, alimfuata Siti au Siti alimfuata yeye? Sikuwa na jibu, ila nikaona linatufaa sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi. Tunasubiri mtunzi atufikie akiwa na kitabu mkononi. Bonde zima la Kilombero, kuanzia Mlimba hadi Ifakara na ng'ambo ya mto, lina watunzi ambao hawatakuja, kwa sababu wako palizi.

Tukiwa kwenye boti ya kurudi aliuliza kuhusu yule kijana wa YouTube. Si kwa hasira. Alitaka kujua tu kama kuna cha kufanya. Nikamweleza kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga, si mpaka asajili, na haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Akacheka kwa hiyo miaka 50. "Nitakuwa nakula nini huko?" Kisha akauliza swali ambalo wakili yeyote angeuliza: atathibitishaje kwamba ni wake?

Nikasema, aandike. Maneno, tarehe, mahali, na majina ya waliokuwepo siku ya kwanza alipouimba.

Morogoro, wakati tunasubiri basi la Ifakara, alinunua daftari la kurasa 48 na kalamu mbili. Akanipa niandike, maana basi likitikisika macho yake hayatulii. Akaimba kwa sauti ya chini, mstari mmoja mmoja, mimi naandika. Ubeti wa pili tuligombana: mimi nilitaka kuweka neno kwa Kiswahili sanifu, yeye akasema wimbo hauko shuleni, andika nilivyosema. Nikaandika alivyosema. Mikumi tulikuwa ubeti wa tatu, na twiga hakuwahesabu safari hii. Tulipofika Kidatu akasema kuna nyimbo nyingine kumi na moja, ila za msibani hataziimba ndani ya basi.