Baridi ya Chini ya Kitanda

Tuliondoka Arusha asubuhi moja ya Julai, tukakata kona Makuyuni, tukapita Mto wa Mbu bila kusimama. Alasiri tulikuwa lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, lami inapoishia. Nyuma ya gari nilikuwa na kitanda cha kukunja cha turubai, na godoro la kujaza upepo lenye unene wa inchi nne. Mgongo unanisumbua miaka mingi sasa, kwa hiyo dukani nilitafuta ulaini tu. Nilibonyeza kwa kiganja, nikaridhika, nikalipa.

Kambi ya Simba iko ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Nililala ndani ya mfuko wa kulalia, nikaongeza mablanketi mawili juu. Saa saba usiku nikaamka natetemeka. Kifua kilikuwa na joto, lakini mgongo na nyonga vilikuwa baridi kama vya mtu aliyelalia jiwe. Sikupata usingizi tena.

Alfajiri nilimkuta mpishi wetu, mzee wa Kiiraqw kutoka Karatu, anachochea moto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umelalaje?"

Nikamweleza. Akanifuata hemani, akapitisha mkono chini ya kitanda. "Upepo unapita hapa usiku kucha," alisema. "Mablanketi yako yote yako juu, na baridi inaingilia huku."

Alisema kweli. Mfuko wa kulalia hutunza joto kwa hewa iliyonaswa katika pamba yake. Ukiulalia, pamba hugandamizwa na hewa hiyo hutoka. Godoro langu nalo lilikuwa tupu ndani: hewa iliyopozwa na turubai ilizunguka humo na kuufikia mwili wangu.

Mzee akaleta kipande cha sponji ngumu, ile isiyonywa maji, unene wake sentimita moja hivi. Akakitandika juu ya turubai. Godoro akalipunguza upepo karibu nusu, kwani turubai lenyewe tayari linabonyea, akaliweka juu ya sponji, kisha blanketi moja lililokunjwa mara mbili. Godoro lilizidi upana wa kitanda na usiku lilikuwa likiteleza. Akalifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli.

Usiku wa pili nililala mpaka nikaamshwa na ndege. Mgongo ulikuwa na joto, na maumivu niliyoyazoea kila asubuhi yalikuwa yamepungua sana. Tuliposhuka Seronera, kituo chetu kilichofuata, ambako usiku si wa baridi kali, nililiondoa blanketi. Sponji ilibaki mahali pake.

Ndugu msomaji, ukienda kununua godoro la kambini, usilipime kwa kiganja. Omba kitanda kikunjuliwe, litandike juu yake, lala kwa ubavu dakika kumi. Na kabla hujalipa, ongeza sponji ngumu ya kuweka chini yake.