Almasi, Grafaiti na Daftari Langu la Zamani

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo lazima niandike. Mada ni kemia, na kosa langu mwenyewe.

Mdogo wangu alipoingia Kidato cha Tatu, nilimpa daftari langu la kemia nikamwambia, "Kariri hili, utapita." Mimi nilipita hivyo hivyo. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika kwamba fuwele za buluu zikipashwa joto huwa nyeupe. Fuwele zenyewe hatukuziona hadi mtihani ulipokaribia.

Muhula uliopita alirudi na D. Swali moja lilitaka aeleze kwa nini shinikizo kubwa hugeuza grafaiti kuwa almasi, ilhali zote ni kaboni. "Kaka, daftari lako halikuwa na jibu." Maneno hayo yalinichoma.

Tatizo hili si geni Kenya. Mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani, uliwafunza walimu wamwache mwanafunzi atende na ajaribu mwenyewe, na vifaa vikikosekana wabuni kwa vilivyopo. Mimi nilichonacho ni kompyuta. Basi nikabuni.

Nilimwandikia programu fupi ya Python: mchemraba wa atomi. Unachagua ukubwa, nayo inahesabu atomi zilizo usoni. Aliweka 100 kila upande: jumla 1,000,000, za usoni 58,808, kama asilimia 6 hivi. Akashusha hadi 10: jumla 1,000, za usoni 488. Karibu nusu!

"Kwa hiyo kitu kikiwa kidogo sana, kinakuwa ngozi tu?"

Naam! Atomi ya usoni haina majirani pande zote, ndiyo maana vitu vya kipimo cha nano vina tabia zake. Mwaka 1994, Sarah Tolbert na Paul Alivisatos wa Marekani walionyesha kwamba fuwele za kadmiamu selenaidi zikizidi kuwa ndogo, shinikizo la kubadilisha mpangilio wa atomi zake huzidi kupanda. Na mwaka 1992, watafiti huko Ufaransa walibana C60, matufe ya atomi 60 za kaboni kila moja, kwa shinikizo la kama mara 200,000 ya lile la hewa tunayovuta. Yakageuka almasi bila kupashwa moto.

Chombo cha kubania ni almasi mbili zilizoelekezana ncha, sampuli katikati. Hakuna miujiza: nguvu ile ile ikikusanywa kwenye eneo dogo, shinikizo linapanda. Aliyewahi kukanyagwa na kisigino chembamba ndani ya matatu anaelewa.

Grafaiti ni matabaka yaliyoachana. Ukiyabana yakakaribiana, mpangilio wa almasi, uliosongamana zaidi, ndio unaofaa. Safari hii alinieleza yeye, kwa karatasi alizozipanga mezani. Kisha akauliza, "Kama kinachobanwa kinageuka almasi, na kinachobana ni almasi, nani atavunjika kwanza?"

Swali hilo halimo kwenye daftari langu. Nilimwambia kweli, kwamba almasi za kubania nazo hupasuka, na watafiti hulijua hilo vizuri. Tukaendelea kuchimba hadi usiku.

Daftari nimelirudisha kabatini. Programu amebaki nayo, na jana amebadilisha mchemraba kuwa tufe bila kuniuliza.

Tuonane tena, panapo majaliwa.