Kapi, Keekee na Ufito wa Kuvulia: Karakana ya Gongoni kama Darasa la Istilahi

Katika vyumba vyetu vya mihadhara, mjadala kuhusu uundaji wa istilahi haukomi. Wapo wanaoshikilia kwamba tukope kutoka Kiingereza, wapo wanaotaka tuelekee Kiarabu, na wapo wanaosisitiza lugha za Kibantu. Hoja zote hizo zina uzito wake. Hata hivyo, liko chimbuko moja ambalo aghalabu hatulitaji, nalo ni mikono ya fundi anayejiundia zana zake mwenyewe. Insha hii yanuia kulieleza chimbuko hilo kwa mfano ninaoufahamu kwa karibu.

Gongoni ni mji mdogo ulioko kaskazini ya Malindi, baada ya kuuvuka Mto Sabaki na kuipita Mambrui. Wengi waujua kwa mashamba yake ya chumvi. Upande wa bahari kuna Ngomeni, kijiji cha wavuvi, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lao la baharini kati ya 1967 na 1988. Mojawapo iliitwa Uhuru kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Wavuvi wa huko hutegemea zaidi nyavu, malema na mshipi wa mkono. Ufito wenye pete na gurudumu la kukunjia mshipi ni zana ya watalii wa Malindi, mahali ambapo mwandishi Ernest Hemingway alivua samaki mwaka 1934.

Mjomba wangu ni seremala wa Gongoni. Fito za watalii zinapong'oka pete humfikia yeye, na vijana wanaovua kwenye miamba humtaka awaundie zao. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini ina masharti. Kila pete hufungwa kwa uzi uliokazwa sawasawa, kwani uzi ukilegea, pete huhama samaki anapovuta. Juu ya uzi hupakwa vanishi, na hapo ndipo penye taabu. Ufito ukiachwa ulale kimya, vanishi huteremka upande wa chini na kuganda kwa matone. Sharti uzungushwe polepole kwa saa kadhaa hadi ukauke.

Mashine ya kazi hiyo huuzwa ng'ambo kwa bei asiyoimudu. Kwa hiyo mjomba alijiundia yake. Alisimamisha vibao viwili juu ya ubao mrefu, akavikata pengo kwa juu, na kuyavika mapengo hayo vipande vya kandambili kuukuu ili ufito usikwaruzike. Kisha akachukua mota ya redio ya kaseti iliyokufa. Mota ya namna hiyo huzunguka takriban mara 2,400 kwa dakika, kasi ambayo ingeirusha vanishi ukutani. Akaifunga kwa mpira mwembamba, kutoka kigurudumu cha sentimita 1 hadi kifuniko cha sufuria chenye upana wa sentimita 20. Kasi ikapungua mara 20. Akairudia hila hiyo kwa kifuniko cha pili, na ufito ukawa wazunguka mara 6 tu kwa dakika.

Kile kigurudumu kidogo mjomba hukiita kapi. Nilimwuliza neno hilo amelitoa wapi.

"Mjomba," akanijibu, "babu yako alikuwa baharia. Tanga la jahazi lapandishwa na nini?"

Neno la jahazini lilikuwa limeingia katika mashine ya kaseti bila kamati wala warsha. Mota aliiita mota, wala hakuona haya. Alikopa pale alipokosa, na alipokuwa na neno alilitumia.

Thamani ya jambo hili niliiona siku mwanafunzi wake mmoja aliporudi kutoka chuo cha ufundi. Kijana huyo alikuwa hodari, naye alikuwa amefundishwa kwa Kiingereza. Aliona ule mpira wateleza, akashauri iongezwe puli ya tatu ya kuukaza. Mjomba hakuelewa. Kijana akaeleza tena, akachora hewani, akanyamaza. Mafundi wawili walisimama mbele ya chombo kimoja, kila mmoja akiwa na nusu ya maarifa, na baina yao palikosekana neno moja tu. Hatimaye mjomba akasema, "Kumbe wataka kapi jingine!" Likaongezwa jioni ile ile.

Si kila neno hupata bahati hiyo. Ukutani mwa karakana ile imetundikwa keekee, chombo cha zamani cha kutobolea mbao. Kamusi ya mwaka 1939, iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson, yataja sehemu zake: chuma chenyewe, msukano ambamo chuma hicho huchomekwa, jivu ambalo fundi hulishika kwa juu, na uta wa kuuzungushia msukano. Vijana wa leo hutumia drili ya umeme. Msukano na jivu la keekee hawavijui, maana chombo kikitundikwa, maneno yake hutundikwa pamoja nacho.

Sisemi kwamba turudi kwenye keekee. Ninachosema ni kwamba maneno ya zana ya zamani yaweza kuitumikia zana mpya, mradi awepo wa kuyavusha. Neno roda, ambalo nalo ni la vyombo vya baharini, limepata nafasi katika masomo ya sayansi ya shule za msingi nchini Tanzania. Kerezo, mashine ya kukerezea mbao, lingali hai vinywani mwa maseremala. Ni nini kinachozuia kapi, gofia na msukano visiingie katika vitabu vya vyuo vyetu vya ufundi?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni juu yetu, wanafunzi wa Kiswahili, kushika daftari na kwenda karakanani, gereji na pwani tukaulize kila kipande chaitwaje na kwa nini. Tukichelewa, mafundi wetu watazidi kuonyeshana kwa vidole yale ambayo lugha yao ina uwezo wa kuyatamka.