Makosa Yaliyoandikwa na Makosa Yaliyotendeka

Wengi wetu tusomao gazeti hili twazijua hesabu. Mkulima huhesabu magunia yake, karani huhesabu mafaili, na kila mmoja ajua kwamba gunia lililoibwa njiani halimo katika hesabu ya ghala. Lakini tusikiapo redioni kwamba wizi umepungua katika kaunti fulani, au umezidi katika nyingine, twaipokea habari hiyo kana kwamba kuna mtu aliyesimama kilimani akawahesabu wezi wote wakipita. Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya chifu, huku milima ya Taita, na ni mkono wangu uandikao taarifa ya usalama ipelekwayo kwa wakubwa kila mwezi. Kwa hiyo naomba nafasi nieleze hesabu hiyo hutoka wapi.

Yatupasa kwanza kujua kosa la jinai ni nini. Watu hupenda kusema kwamba ni jambo baya. Maana hiyo haitoshi. Kumnyima chakula mgeni mwenye njaa ni jambo baya sana, lakini hakuna askari atakayekuja kukukamata kwa ajili yake. Kosa la jinai ni tendo, au pengine kuacha kutenda, ambalo sheria imelikataza na kuliwekea adhabu. Hapa Kenya makosa mengi yamo katika Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1930 mahali pa ile ya Bara Hindi.

Babu zetu walikuwa na kosa ambalo sisi hatunalo, nalo ni kutembea bila kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa nacho. Aliyekamatwa bila kipande alitozwa faini au akafungwa, na jina lake likaingia katika hesabu ya wahalifu pamoja na wezi na wauaji. Mwaka 1947 ikaja sheria nyingine ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kosa lile la kale likatoweka vitabuni. Je, waliokuwa wahalifu walitubu? La, ni sheria iliyobadilika. Hata siku zetu hizi mambo kama hayo hutokea. Kumkashifu mtu kulikuwa jinai hadi mwaka 2017, Mahakama Kuu iliposema kwamba kumfunga mtu kwa maneno ya namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Leo aliyekashifiwa hufungua kesi ya madai akaomba fidia. Basi hesabu ya makosa yaweza kupanda au kushuka bila mtu hata mmoja kubadili mwenendo wake.

Jambo jingine ni nia. Mzee mmoja wa hapa kwetu alimfungua mbuzi katika malisho ya jirani, mchana kweupe, akampeleka nyumbani akiamini ni yule wake aliyepotea. Jirani akaja ofisini akipiga kelele za mwizi. Lakini sheria yetu yasema kwamba wizi ni kuchukua kwa hila na pasipo kudai haki. Mtu achukuaye kitu akiamini kwa moyo safi kwamba ni chake hakuiba, hata kama macho yake yamemdanganya. Mbuzi akarudishwa, wakapeana mikono. Nami huwaza, lau mzee yule angalikutwa usiku na vijana wenye hasira, nani angalimwuliza nia yake? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, yasema mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, na mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka.

Kesi yenyewe huandikwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya fulani, na mwenye mali ni shahidi tu. Wakulima wengi hawalipendi jambo hili. Wao husema, ng'ombe ni wangu, mbona kesi si yangu?

Hapo ndipo nimkumbukapo shangazi yangu. Yeye ni mjane, na aliibiwa ng'ombe wa maziwa usiku wa mvua. Kuiba ng'ombe si jambo dogo kwa sheria zetu: wizi wa kawaida huadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka 3, lakini wizi wa mifugo waweza kufikia miaka 14. Nikamwambia, "Shangazi, twende kituoni tukaandikishe." Akanijibu, "Mwanangu, kituo ni mwendo wa saa mbili, na nikifika nitaulizwa namshuku nani. Nikimtaja, nimeifunga damu ya marehemu mume wangu. Nisipomtaja, nimekwenda kufanya nini?" Akaingia ndani akafunga mlango.

Zizi likabaki tupu. Lakini katika kitabu cha matukio cha polisi, kile wakiitacho OB, hakuna mstari wa ng'ombe yule. Na kwa kuwa hakuandikwa pale, hayumo katika hesabu ya kaunti wala katika hesabu ya Nairobi. Kwa karatasi, shangazi hakuibiwa.

Jumapili moja baada ya ibada niliwauliza jirani zangu wa nyumba saba, kwa haja yangu mwenyewe, kama wameibiwa chochote mwaka ule. Nyumba tano zilikuwa zimeibiwa: kuku, mahindi ya shambani, jembe na panga, simu, na pochi. Aliyekwenda kituoni alikuwa mmoja tu, yule wa pochi, maana ndani mlikuwa na kitambulisho chake na hakuweza kupata kingine bila karatasi ya polisi. Wa kuku alicheka nilipomwuliza.

Wataalamu wamelijua jambo hili tangu zamani. Wafaransa walianza kuchapisha hesabu za makosa yaliyofika mahakamani kuanzia zile za mwaka 1825, na Mbelgiji mmoja mjuzi wa nyota na hesabu, Adolphe Quetelet, akazichunguza akastaajabu kuona zikikaribiana mwaka hata mwaka. Alitambua kwamba kuna makosa yasiyojulikana, ila alidhani kwamba fungu lijulikanalo na fungu lililofichika huenda sambamba, hata la kwanza likawa kipimo cha la pili. Kwa maoni yangu dhana hiyo haifai mahali ambapo kata moja ina kituo sokoni na nyingine haina. Baadaye Wamarekani, katika miaka ya 1970, na Waingereza, mwaka 1982, walianza uchunguzi wa kwenda majumbani kuwauliza watu wenyewe wamefanyiwa nini, na makosa waliyoyapata yalizidi sana yale ya vitabu vya polisi. Njia hiyo nayo ina upungufu wake. Aliyeuawa hawezi kuulizwa, na mke apigwaye hatasema kweli mumewe akiwa ameketi kando.

Lipo na kosa la kulinganisha. Tuseme kata ya watu 10,000 ina makosa 20, na mji wa watu 50,000 una makosa 60. Msomaji wa haraka atasema mji ni mbaya zaidi. Lakini ukigawanya kwa idadi ya watu, kata ina makosa 200 kwa kila watu 100,000, na mji una 120.

Nayaandika haya kwa sababu yametugusa. Miaka miwili iliyopita wazee wetu waliomba kituo kidogo cha polisi. Jibu lilikuja kwa heshima kwamba kata yetu ni tulivu kwa mujibu wa hesabu, na kituo kikajengwa kata ya pili. Huko sasa makosa yaliyoandikwa yamezidi, kwani watu hawana tena safari ndefu, na katika baraza moja nilimsikia mtu akisema ati polisi ndio walioleta wezi.

Mwezi huu chifu amekubali tupeleke ombi mara ya pili, na nyuma yake tuambatanishe orodha ya vitu walivyoibiwa watu, nyumba kwa nyumba, yenye tarehe na mahali. Imenibidi kuwaeleza wengi kwamba kuandikisha kosa si kumshtaki mtu, na kwamba mtu aweza kusema ameibiwa bila kumtaja amshukuye. Shangazi alifikiri siku tatu. Kisha akaniita, akaniambia rangi ya ng'ombe wake, alama ya sikioni, na usiku alioondoka.