Mapaa ya Grant Avenue

Swahiba wangu ni mtu wa Tanga, ila siku hizi makazi yake ni San Francisco. Kwake Chinatown ni mahali pa kununua matembele, utalii haumhusu. Lakini mgeni ana haki yake, kwa hiyo Jumamosi moja baada ya adhuhuri alinipeleka pale waanziapo watalii wote: lango la vigae vya kijani kwenye njia panda ya Grant Avenue na Bush Street, likilindwa na simba wawili wa mawe.

“Usije ukadhani la enzi za wafalme,” akanitahadharisha. “Lilijengwa 1970.”

Tukaupanda mlima wa Grant taratibu, chini ya taa nyekundu zilizotundikwa kukatiza barabara, huku na huku maduka ya fulana na paka wa plastiki wanaopunga mkono. Kwenye California Street lipo kanisa la matofali la Mtakatifu Maria, la mwaka 1854. Mkabala nalo yamesimama majengo mawili, Sing Chong na Sing Fat, yenye minara ya ngazi ngazi na mapaa yaliyopinda pembe. Swahiba akacheka. “Maigizo matupu haya, bwana.”

Kwa upande mmoja amesema kweli. Tetemeko la ardhi la tarehe 18 Aprili 1906, na moto uliolifuata, viliuteketeza mtaa huu wote. Wakubwa wa jiji, waliokuwa wakiimezea mate ardhi hii ya katikati ya mji, wakataka kuwahamishia Wachina Hunters Point, kule pembezoni. Wachina wakakataa, serikali ya kwao ikapinga, na jiji lenyewe likaanza kuhofia kupoteza biashara na kodi. Hapo ndipo mfanyabiashara Look Tin Eli alipopata wazo: mtaa ujengwe upya upesi, tena kwa sura itakayowavuta wageni wenye fedha. Wakaitwa wajenzi Wamarekani, mbunifu T. Paterson Ross na mhandisi A. W. Burgren, wakayatwika majengo ya matofali minara ya pagoda.

Mimi sioni cha kucheka. Sheria ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua kutoka Uchina, na waliokuwa wameshaingia hawakuruhusiwa kuomba uraia. Mtu asiye na kura atautetea vipi uwanja wake? Hawa waliutetea kwa mapaa, na Hunters Point hawakwenda.

Tulipokuwa tunakata Sacramento Street nikamsimulia habari za Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa mjini humu kwa wazazi Wachina. Mwaka 1895, akirejea kutoka kuwasalimu jamaa zake Uchina, alizuiwa bandarini kwa madai kwamba si raia. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1898 ikaamua kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, hata kama wazazi wake ni wageni.

Swahiba akasimama katikati ya njia. Binti yake alizaliwa hapa wakati yeye na mkewe bado wana viza za masomo.

“Kumbe pasipoti ya mwanangu ameitafuta huyu mpishi?”

“Ndiye.”

Hakusema neno mpaka Jackson Street. Huko alikuwa na lake: alitaka nione Hospitali ya Wachina, alikozaliwa Bruce Lee Novemba 1940, baba yake akiwa ziarani na kikundi cha opera ya Kikantoni. Jengo lenyewe la zamani lilishavunjwa, na hili jipya lilifunguliwa 2016. Haikumvunja moyo hata kidogo. Mtu aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Ngamiani, kule Tanga, alitaka kupigwa picha, nami nikampiga.

Halafu Stockton Street. Hapo watalii hupungua na mabibi wenye vikapu vya magurudumu huongezeka, wala hawakupishi. Samaki wamo hai ndani ya matangi, uyoga mkavu umejaa madebe, bilinganya ni nyembamba na ndefu kama mkono wa mtoto. Mchicha upo, ule wenye wekundu katikati ya jani. Matembele yamefungwa mafungu manene. Muuzaji alitaja bei kwa Kikantoni, akaona tunakodoa macho, akaonyesha vidole. Swahiba alichukua mafungu manne bila kubembeleza bei, jambo ambalo Tanga asingelifanya. Tukamalizia kwa vitumbua vya mvuke vilivyojazwa kamba, tukila tumesimama, baada ya kuuliza mara mbili kama hamna nguruwe.

Msomaji ukijaliwa kufika, panda treni ya chini ya ardhi ushuke kituo cha Chinatown–Rose Pak, Stockton na Washington, kilichofunguliwa mwishoni mwa 2022. Chukua dola taslimu, za noti ndogo, na uwahi: kwa wauza mboga, jioni ikiingia hukuti kitu.