Si Kila Mguu Uliovimba Una Vijidudu

Ngozi kila mtu huiona, na kwa hiyo kila mtu hudhani anaijua. Mguu ukivimba na kuwa na joto, jirani husema, "Ni vijidudu hivyo." Mwenye duka la dawa naye husema vivyo hivyo, na vidonge hununuliwa. Nawasimulia yaliyotupata nyumbani, maana huenda yakawafaa wengine.

Mama mkwe wangu alivimba miguu yote miwili, chini ya magoti. Ngozi ikawa nyeusi kuliko kawaida, ikatoka magamba. Kwa muda wa miezi minne alipewa vidonge vya kuua vijidudu mara tatu. Mara ya tatu tuliuza mbuzi. Miguu ilibaki vile vile. Tumbo ndilo lililochafuka, hata chakula kikamshinda.

Mwishowe tulielekezwa kwa tabibu wa ngozi katika hospitali ya wilaya. Alikuwa amesomea Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 penye hospitali ya KCMC. Hapo matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika hujifunza kazi hiyo, kisha hurudi kwao kuwahudumia watu.

"Shikamoo, mama," alisema, akachuchumaa chini. Aligusa mguu mmoja, akagusa wa pili, akatazama katikati ya vidole.

"Inauma au inawasha?"

"Inawasha, mwanangu. Jioni huwa mizito, nikitoka shambani."

"Ulipata homa?"

"Hata siku moja."

Ndipo akatueleza. Vijidudu vya ngozi kwa kawaida hushika mguu mmoja, tena kwa ghafla, pamoja na maumivu, na mara nyingi homa. Miguu miwili inayowasha kwa miezi ni jambo jingine: damu inapanda kwa shida katika mishipa iliyochoka, maji yanabaki chini, na ngozi inaumwa. Alipima kwanza mapigo ya damu miguuni, kwa kuwa kufunga mguu usiopata damu ya kutosha ni hatari. Kisha akafundisha namna ya kufunga bendeji, kuosha, kupaka dawa, na kuinua miguu wakati wa kupumzika. Vidonge hakutoa hata kimoja. Baada ya wiki chache muwasho ulitulia, na uvimbe ukapungua.

Msidhani jambo hili ni la vijijini kwetu tu. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi mdogo wa wagonjwa wa nje 29 waliodhaniwa kuwa na vijidudu chini ya ngozi. Katika 20 waliotazamwa na bingwa wa ngozi, waliokutwa na ugonjwa huo kweli walikuwa 2 tu. Basi hata kwa matajiri jicho lililofundishwa lina thamani yake.

Kumeza dawa bila sababu si hasara ya fedha peke yake. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa ikitumiwa vibaya vijidudu huizoea. Vikisha kuizoea, siku mtoto akiugua kweli, dawa inaweza kumkosa.

Lakini mtu asielewe vibaya akakaa nyumbani. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo tumia kiganja kupima joto, ukilinganisha mguu na mwenzake. Uvimbe ukienea upesi, mgonjwa akitetemeka kwa homa, akichanganyikiwa, au maumivu yakizidi yale yanayoonekana, msingoje bingwa wala siku ya kliniki. Hapo vijidudu vyaweza kuua, na dawa ile ile tuliyoimeza bure ndiyo itakayookoa. Ukiandikiwa, ifuate kama ulivyoelezwa.

Na kama dawa imekwisha na ugonjwa haujasogea, msinunue nyingine kwa kubahatisha. Ombeni kwa adabu, "Daktari, je, tunaweza kuonwa na mtu wa ngozi?" Kuuliza si utovu wa heshima. Nauli ya kwenda wilayani ilikuwa ndogo kuliko bei ya mbuzi wetu.